Godoro ya Mayai Kabla Rimu Ilie

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ng'ombe imekanyaga Mama mguu. Ile nyeusi. Ilikanyaga, ikaendelea kula nyasi kama si yeye. Sasa Mama amekaa kwa kiti, mguu juu ya debe, na anatuamuru kama chifu.

Shida si mguu. Shida ni asubuhi. Mvua imeleta majani mingi, kila mti ya chai imejaa mpaka juu, na majani haingojei mguu ya mtu ipone. Sisi tuko na wachumaji wawili tu. Gichana, ametoka upande wa Kisii, mikono yake ni mashine na mdomo pia ni mashine. Na Sally, wa hapa chini kwa mto. Hawa wakifika alfajiri wakose kitu ya kula, wanaruka ua wanaenda kwa Chege.

Chege ni jirani. Ako na duka, ako na shamba ya chai kubwa kuliko yetu, na ako na rimu ya gari amefunga kwa mti. Akigonga hiyo rimu asubuhi, maana yake chai ya moto na mkate iko tayari kwa mchumaji yeyote. Hiyo ni hongo. Haina jina ingine.

Bibi ya ndugu yangu Lazarus ndio angepika, lakini ameenda kwao Ndanai, mama yake anaumwa. Lazarus mwenyewe anaendesha boda boda Litein. Hajui hata chumvi inakaa wapi.

Jioni Mama ametuita. Amesema mwenye ataweka Gichana na Sally kwa shamba yetu hii wiki yote, kabla rimu ya Chege ilie, huyo atapewa kipande ya barabara, ile chai yetu ya kando ya barabara. Jumamosi ataamua.

Kipande ya barabara! Hiyo chai nimepalilia mimi tangu nitoke shule darasa ya tano. Najua kila mti. Kuna moja kwa kona ilikuwa inakauka, nikaanza kuiongelesha kila nikipita, sasa inatoa majani kuliko zingine. Watu siwezi kuongelesha. Miti naweza.

Lazarus anataka kung'oa yote aweke mahali ya kuosha magari. Huku kwetu. Mahali mvua inaosha magari bure kila siku.

Aliniuliza mbele ya Mama nitalisha watu aje, na mimi hata kusalimia watu ni kazi. Akasema yeye ataleta chapati kutoka Litein, mambo kwisha. Niliangalia debe.

Lakini jibu niko nayo. Juzi nilikuwa kwa kiti ya kinyozi Litein, na TV iko kwa ukuta. Mama mmoja mzungu alikuwa anapika. Sauti sikusikia juu ya ile mashine ya kunyoa, lakini macho yangu iko sawa. Alipanga mkate ya kukatakata kwa sinia. Akamwaga mayai na maziwa. Akaweka vitunguu, akaweka soseji, akaweka kitu fulani ya manjano ya kukwaruza. Akafunika. Akaenda kulala. Hapo kinyozi akanigeuza kichwa, kwa hivyo kuna sehemu kidogo sikuona. Haiwezi kuwa sehemu kubwa. Kichwa kurudi, tayari ni asubuhi, watoto wamevaa yunifomu wanakimbia, na huyo mama anakata tu kama keki anagawa. Hakuna moshi. Hakuna kupuliza moto. Amechana hata nywele.

Hapo nikajua siri yao. Unapika leo, unakula kesho.

Na kwangu mimi hiyo ni dawa mara mbili. Mwanaume akishatoka jandoni hakai kwa jiko ya mama yake. Kula hapo ni sawa. Kushika mwiko ndio aibu. Rika yangu wakisikia watanitungia jina mpaka nizeeke nayo. Lakini jioni kila mtu ako kituo ya majani anangoja lori. Hapa nyumbani nabaki mimi na Mama, na Mama hawezi kutembea.

Acha Lazarus alete chapati.


Jumanne, 6 Mei

Chapati imefika. Moto. Lazarus amezibeba ndani ya jaketi, kwa kifua, kama mtoto. Gichana alikula akimwita mheshimiwa. Sally alisema hata yeye angependa kuolewa na jaketi kama hiyo. Rimu ya Chege ililia na hawakugeuka.

Nimechuma tu. Lakini nilikuwa nafikiria mkate.

Mchana nilienda duka ya Chege kununua mkate ya jana. Ndio, kwa adui. Ya leo ni laini sana, ile ya mzungu ilikuwa ngumu, niliona vile alisukuma kisu. Chege aliniuliza mbona nataka ya jana na mpya iko. Akanipea na uso ya huruma, akasema nisalimie Mama, kama kuna shida nyumbani tusiogope kusema. Huyo mtu anaiba wachumaji wetu na bado anatuombea.

Jioni wote walienda kituo. Nikaingia jikoni.

Mama alikuwa hapo hapo kwa kiti yake. Aliona mwiko kwa mkono yangu. Aligeuza kiti polepole mpaka akaangalia ukuta, akasema huu mguu unauma sana leo, hata macho haioni.

Mayai nilitoa kwa kuku zetu, maziwa kwa ile nyeusi. Inadaiwa mguu ya Mama. Soseji hakuna, nikaweka maharagwe. Ile kitu ya manjano ya kukwaruza nilifikiria sana. Hapa kwetu kitu ya manjano na inakwaruzwa ni malenge. Kwa hivyo mzungu pia anatumia malenge. Nikakwaruza.

Sufuria nikaweka kwa makaa kidogo, na makaa mingi juu ya kifuniko, vile watu hupika keki ya Krismasi. Ikafura. Ikawa brauni. Harufu ilitoka mpaka mbwa ya Chege ikapita chini ya ua ikakuja kukaa kwa mlango, imenyamaza kwa heshima.

Mama bado anaangalia ukuta. Ameuliza ukuta kama chumvi iliwekwa.

Iliwekwa.


Jumatano, 7 Mei

Leo ukungu ilikuwa nzito, hata ua haionekani. Nimetoa sufuria kwa meza, nikakata vipande, nikaenda kusimama nyuma ya tenki ya maji nione.

Gichana aliangalia. Akabonyeza na kidole. Kipande ikaingia ndani, ikarudi. Akabonyeza tena. Akasema hii ni godoro, sasa shuka iko wapi.

Sally alisema ni tamu, lakini ni baridi kama pua ya mbwa. Alikula huku ameshika shavu. Akauliza ni nani amepika, yeye anataka kumjua. Mama, kutoka ndani, alisema kwa sauti kubwa kwamba mguu bado haijapona.

Rimu ya Chege ililia. Gichana aliinua kichwa kama ng'ombe imesikia chumvi ikimwagwa. Alisema kule kwa Chege kitu ikiwa ya moto inakuwa ya moto. Alibaki, lakini alisema kesho haahidi, tumbo yake si friji.

Walibaki kwa sababu moja. Lazarus hakufika. Alipata pancha pale juu ya kanisa, akanyeshewa na chapati zote. Alileta kitu kama uji kwa gazeti. Sikucheka mbele yake. Nilienda nyuma ya choo.

Kwa hivyo leo ni yangu. Lakini si yangu kabisa. Nimefikiria shida iko wapi. Chai napika jioni naweka kwa flaski, asubuhi iko moto. Chakula haina flaski. Ni hiyo tu. Kuwasha moto asubuhi siwezi, moshi itaonekana mpaka barabara na watu watauliza ni nani amepiga magoti kwa jiko ya Mama Lazarus.

Nahitaji flaski ya chakula. Naangalia kila kitu hapa nyumbani na macho mpya.


Alhamisi, 8 Mei

Jaketi ya Lazarus! Kama inaweka chapati moto kutoka Litein, inaweza kuweka sufuria moto kutoka jioni. Jana alipolala nilichukua kwa msumari nikafunga godoro vizuri, nikafunga na mikono yake kwa mbele kama mtu amekunja mikono. Asubuhi kabla aamke nikarudisha.

Ilisaidia nusu. Katikati ilikuwa na joto, kando ni baridi. Gichana alikula katikati yote akaacha kando kama ukuta ya nyumba imebomoka. Sally alimwambia aibu, hata panya inakula kando. Walibaki. Chege aligonga rimu mara mbili leo. Aligonga na hasira.

Chapati ilikuwa moto pia, lazima niseme ukweli. Mama alisema kufika sasa hajui ni nani anashinda.

Saa nne Lazarus alirudi nyumbani kama amemwagiwa maji. Alibeba mama moja mkubwa wa kanisa kutoka Litein, na huyo mama njia yote alikuwa anamuuliza kama hizo sambusa anauza au ni zake. Lazarus alinusa mkono ya jaketi. Akaninusa mimi. Alisema mimi ni kijana ya jikoni, na anajua, na kipande ya barabara akiichukua nitakuwa naosha magari ya watu hapo na sabuni.

Nilimwangalia kwa macho. Kwangu hiyo ni matusi kubwa.

Jioni ndio mambo imebadilika.

Lori ya majani imekwama kwa matope ng'ambo ya daraja. Karani wa kituo, mwenye hupima majani, akaambia watu wote warudi nyumbani na majani yao, watandaze, walete asubuhi. Kila mtu huku anajua hiyo sheria. Majani ikikaa imeshonana ndani ya gunia inapata joto, inajipika yenyewe, inakuwa nyekundu, na kiwanda haitaki. Kwa hivyo unamwaga kwa sakafu ya stoo, unatandaza nyembamba, inalala ikipumua.

Mama aliniambia nikatandaze. Alirudia: nyembamba, Kipkirui, kama mahindi ya kuanika.

Nikaenda stoo. Nikafungua gunia. Nikaweka mkono ndani mpaka kwa kiwiko.

Joto. Kama chini ya kuku imeatamia.

Nilisimama hapo mkono ukiwa ndani. Tangu jana natafuta flaski ya chakula, na flaski iko hapa miaka yote, iko kila boma kutoka hapa mpaka Bomet, ni ya kijani, na watu wanaitandaza kwa sakafu ipoe. Babu zetu walikuwa wanafikiria nini?

Nikapika haraka. Leo nimeongeza vitunguu. Sufuria ikitoka kwa moto nikaipeleka stoo, nikaichimbia shimo katikati ya majani, nikarundika yote juu. Imekuwa kama kaburi ya mtu mkubwa.

Mama alisema nitandaze. Hakusema lini. Nitatandaza asubuhi.


Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi ya leo itakaa kwa kichwa yangu mpaka nife.

Nimefukua sufuria, nikafungua kifuniko na kukata vipande hapo hapo juu ya majani, moshi ikatoka. Moshi ya chakula! Nikaiweka kwa meza, nikakimbia nyuma ya tenki. Gichana alinyoosha kidole kubonyeza, akairudisha haraka akaipuliza. Imemchoma. Gichana, mwenye mdomo, alikula mpaka kando bila kusema neno hata moja. Sally alisema huyu mtu anapika hivi na anajificha, ni mali gani hii inafichwa kwa tenki. Akaangalia tenki moja kwa moja. Nilichutama.

Rimu ya Chege ikalia. Hakuna mtu aligeuka. Zaidi ya hapo, wachumaji wawili wa Chege wenyewe waliinua pua juu ya ua, wakauliza hapa kuna harusi. Sally akawapitishia kipande. Walirudi wakiangalia nyuma.

Chapati za Lazarus zilibaki kwa gazeti. Alikula mwenyewe, amesimama, bila chai.

Mama aliniita ndani. Alisema bado ni Ijumaa, lakini yeye ameona chenye ameona, hata kama alikuwa anaangalia ukuta. Alisema kipande ya barabara inajua mwenyewe. Nilitoka nje nikaenda kuambia ule mti wa kona. Nilifikiria nimeongea polepole, kumbe Gichana alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza kama mti imejibu.

Basi nikarudi stoo kutandaza.

Majani ilikuwa nyekundu. Si yote. Ile ya katikati ilikuwa nyekundu kama matofali, na nyororo, na ilinuka vitunguu. Ile ya kando kando ilikuwa sawa kidogo. Nilifikiria. Nikaweka nyekundu chini ya gunia, ya kando katikati, na juu nikapanga ile tumechuma leo, kijani, majani mbili na kichipukizi, nzuri kama ya kupigwa picha. Nikafunga.

Kituo ilikuwa imejaa, kwa sababu ya majani ya jana na ya leo. Karani ni kijana mpole, huwa hapigi kelele. Gunia ya watu wengine alifungua juu akaangalia tu. Yangu alifungua, akanusa. Akanusa tena. Akaimwaga yote kwa meza.

Mama moja mzee kwa laini alisema anasikia njaa ghafla.

Karani alipanguapangua mpaka chini. Akatoa kipande ya malenge na vidole viwili, vile mtu hushika panya kwa mkia. Akaiinua watu wote waone. Akauliza hii majani ni ya nani. Niliangalia viatu yangu. Gichana akasema majani ni ya huyu, na malenge pia ni ya huyu. Sally akamwambia karani aonje kwanza kabla ahukumu, ni tamu.

Karani hakuonja. Alisema kwa sauti ile ile ya upole kwamba kazi ya kupika chai ni ya kiwanda, si ya nyumbani, na kama ataweka hii kwa lori, itaharibu majani ya kijiji nzima, watu wa kiwanda waulize ni nani alileta kiamsha kinywa. Akakataa yote. Ya jana na ile mpya ya leo, kwa sababu nilikuwa nimechanganya. Kazi ya mikono ya Gichana na Sally, siku mbili. Na chai ni ya mama yangu.

Yule mama mzee aliniuliza kama kesho nitaleta yenye iko na sukari.

Nilibeba gunia kwa mgongo kurudi. Lazarus alikuja na pikipiki, akaenda polepole kando yangu njia yote, hakunibeba, hakubeba gunia. Alisema anaogopa jaketi ipate harufu.

Lakini chakula ilikuwa moto. Hiyo hakuna mtu anaweza kuniondolea. Hata Gichana aliungua.


Jumamosi, 10 Mei

Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Asubuhi yote kiti yake haikuangalia ukuta, iliangalia mimi.

Aliniambia nichukue hiyo majani nyekundu niende nimwage chini ya miti kwa kipande ya barabara, angalau iwe mbolea. Nilimwaga. Sasa kipande yote inanuka vitunguu. Watu wakipita barabara wanapunguza mwendo, wanaangalia kama kuna hoteli.

Niliporudi kwake, mikono bado chafu, ndio akatangaza. Kipande ya barabara ni ya Lazarus.

Alisema kulisha wachumaji na kuharibu chenye wamechuma ni kama kukamua ng'ombe ukimwaga chini. Alisema baba yetu alipanda hiyo chai na mkono yake, na hakuna siku hata moja alirudishwa kituoni mbele ya watu. Hapo ndio kuliniuma. Nilitaka kusema baba pia alikunywa chai baridi asubuhi maisha yake yote na hakuna mtu alimhurumia. Maneno ilifika kwa meno ikarudi.

Lazarus hakungoja hata jioni. Alichukua panga, akakata katoni, akaandika KUOSHA GARI NA PIKIPIKI KARIBUNI. Akatafuta mahali ya kusimamisha kwa kona. Mahali ilikuwa na mti. Akaukata ule mti.

Ule wa kona.

Niliona nikiwa juu kwa malisho. Nilishuka nikikimbia, lakini nilipofika nilisimama tu. Alinipatia matawi, akasema ni kuni, nipikie magodoro.

Gichana na Sally wameshinda kwa Chege. Rimu ililia asubuhi kama kengele ya kanisa, na mimi nilisikia ikisema jina yangu.

Sijakubali. Naandika hapa ijulikane. Shida haikuwa godoro. Godoro ilikuwa sawa, na joto ilikuwa sawa. Shida ni majani, ni dhaifu. Inabadilika rangi kwa kitu kidogo.


Jumapili, 11 Mei

Kanisani watu walinipisha kwa benchi na adabu nyingi. Mmoja akaniuliza kwa sikio kama ni kweli malenge ilikuwa na mbegu. Pasta aliomba kwa ajili ya wale wanapotea na kazi ya mikono yao. Sijui alimaanisha nani. Mama alisema amina kwa nguvu.

Baada ya kanisa Mama alitembea na fimbo mara ya kwanza. Alitembea mpaka kwa kipande ya barabara kuona kama harufu imeisha. Akaona katoni. Akaona shina.

Mama aliita Lazarus. Sijawahi sikia akimwita hivyo, na jina ya baba na yote. Alimwambia chai ya baba yake haikatwi kwa sababu ya katoni. Alimwambia hata huyu mjinga mwingine, akasonta mimi, alipika majani lakini hakukata mti. Lazarus alisema ni mti mmoja tu. Mama akamwambia na wewe ni mtoto mmoja tu, nikukate?

Katoni imetolewa. Mama ameketi nayo chini ya mguu yake badala ya debe.

Tukiwa bado hapo, Gichana na Sally wakapita barabara wakitoka kwao. Gichana hakusalimia, hata chamgei hakusema. Alisema mkate ya Chege ni kavu, unakula kama unatafuna kalenda. Alisema yeye haombi mtu msamaha na haombwi, lakini tangu Ijumaa tumbo yake inamuuliza maswali. Sally alisema wazi zaidi. Kama godoro itakuwa moto kama ile ya Ijumaa, kesho wako hapa kabla rimu ilie. Ikiwa baridi, watakula kwa Chege na watamwambia asante.

Mama alifikiria sana. Alisonga fimbo kwa udongo. Kisha akasema sawa. Kesho, wakiwa hapa kabla rimu ilie na washibe, kipande ya barabara ni yangu na hatarudia tena kuamua. Lakini akiona hata jani moja ya chai karibu na sufuria, nitaenda Ndanai kuchunga ng'ombe za mjomba mpaka nimee ndevu nyeupe.

Akanifanya niape. Mbele ya Gichana, mbele ya Sally, mbele ya Lazarus amekunja mikono. Nisimame, nitoe kofia, niseme kwa sauti. Nikasema: Mimi Kipkirui sitaweka tena chakula ndani ya majani ya chai. Hayo ndio maneno mingi nimesema mbele ya watu tangu jandoni. Sally akapiga makofi. Gichana akasema kumbe mtu ako na sauti, na miti ndio imekuwa ikifaidi peke yake.

Lazarus ameenda Litein kuagiza chapati. Acha aende.

Nimepika leo jua ikiwa bado haijazama, mlango wazi. Mama hakugeuza kiti. Amesema tu vitunguu nipunguze.

Kisha nilienda kupeleka nyasi kwa ng'ombe, sufuria bado moto kwa mkono, nikifikiria niiweke wapi. Ile nyeusi iliniangalia. Nyuma ya boma kuna mbolea ya ng'ombe, tumerundika tangu mvua ianze, imefika kiuno. Baridi ya jioni ilikuwa imeshika, na hiyo mbolea ilikuwa inatoa moshi kidogo juu, taratibu, kama kikombe.

Nikaweka mkono ndani mpaka kwa kiwiko.

Joto kuliko majani. Joto kuliko jaketi. Na rangi yake haiwezi kuharibika zaidi ya hapo.

Nimefikiria pande zote kabla nichimbe. Karani hapimi mbolea. Kiwanda hainunui mbolea. Kifuniko nimekifunga na kamba, nikazungusha na gazeti ya chapati, nikaizika katikati ya mbolea. Ule mti wa kona nimeenda nikauambia, hata kama ni shina, na haikukataa.

Mama aliniapisha juu ya majani ya chai. Niliapa na nitashika. Mbolea hakuna mtu alitaja.